Bakuli la Karanga

Nakumbuka Jumamosi moja ya arusi pale Kasulu, mwanangu, miaka ya sabini, nikiwa kijana mwenye gramafoni ya betri na kichwa kikubwa. Kulikuwa na wimbo mmoja wa mapenzi uliorekodiwa na bendi tatu, ya Dar es Salaam, ya Nairobi na ya Kongo, na vijana walibishana kila siku ni nani aliyeuanza. Mwamuzi nilikuwa mimi, kwa sababu santuri zote tatu nilikuwa nazo, na nilijua kusoma karatasi iliyobandikwa katikati.

Siku hiyo nilipouweka, alisogea mtu mwembamba aliyekimbia kutoka Burundi, akilima vibarua nje ya mji. Jina lake Nestori, ingawa hakuna aliyemwuliza. Alisema kwa upole kwamba wimbo ule ni wake, waliurekodi Bujumbura yeye na mkewe kabla ya hao wote. Nikainua santuri juu, nikasoma jina la mwimbaji kwa sauti, kisha nikamwuliza kama ndiye yeye. Arusi nzima ikacheka. Tangu hapo wakamwita Msanii, naye akawa anaitikia, jambo linaloniuma mpaka leo.

Siku ya soko alikuja nyumbani kwangu. Nilidhani anataka ugomvi, nikamkaribisha hivyo hivyo.

"Ndugu yangu, mimi sifa sizitaki," aliniambia. "Mke wangu waliniulia njiani. Picha yake sina. Sauti yake imo mule kwenye santuri tu. Ukiipata, unipigie mara moja, basi."

Nikamwuliza ataitambuaje. Akasema kabla gitaa halijaanza, mkewe anamwambia, "Nestori, tangura," yaani anza, na fundi mitambo alisahau kuyaondoa maneno hayo.

Santuri hiyo niliijua. Ilikuja katika rundo la santuri kuukuu kutoka Kigoma, karatasi imebanduka, na mimi kitu kisicho na karatasi sikukihesabu. Niliipiga mara moja, nikamsikia mwanamke akisema maneno hayo, nikacheka, nikaitoa kabla wimbo wenyewe haujaanza. Kisha nikaifanya kama tulivyozifanya santuri mbovu siku hizo: nikailaza juu ya sufuria iliyofudikizwa, nikaimwagia maji ya moto mpaka ikalegea, nikaikandamiza ikawa bakuli. Tundu la katikati nililiziba kwa nta. Nestori alipokuwa akinieleza, bakuli hilo lilikuwa mezani kati yetu, lina karanga, naye alikuwa akila.

Nikamwambia nitamtafutia.

Alikuja kila siku ya soko, nami kila mara nilimjibu kuwa bado natafuta. Nilijificha nyuma ya neno hilo kama mwoga niliyekuwa. Baadaye akahamia Kibondo, akawa ananitumia salamu kwa watu wa basi, na ndani ya salamu kuna swali lile lile. Siku moja salamu hazikuja, ikaja habari ya msiba. Nilikwenda, nikatupa udongo kama wengine, nikarudi. Jirani yake aliniambia kwamba hata akiwa taabani aliuliza kama mtu wa Kasulu ameshaipata.

Sasa nisikilize. Mtu akikwambia kitu ni chake, msikilize mpaka amalize ndipo usome karatasi. Na ukimkosea mtu, mwambie angali hai. Usimpe "bado natafuta" ili wewe ulale vizuri. Mimi niliogopa kutukanwa. Angenitukana, ndiyo, labda angenipiga, lakini angeacha kusubiri.

Vijana bado wanabishana ni nani aliyeurekodi kwanza wimbo ule. Mimi ninajua, na ushahidi niliukunja kwa mikono yangu.

Bakuli lenyewe ndilo hilo unalolia karanga tangu utotoni. Lichukue, ni lako. Ukiliosha, lioshe polepole, na Mungu akupe ule moyo wa kusema "ni mimi" niliokosa mimi.