Sululu Kiguru wa Hail

Siku hizi khori kama lile la Hail, mkono wa bahari katika pwani ya Waarabu, lingezungushiwa ua, likaitwa hifadhi, na watu wakaja na darubini zao kuwatazama ndege. Majira yale ya kwanza ya baridi baada ya mapinduzi kututoa Unguja, watazamaji tulikuwa wawili tu, baba yangu na mimi. Yeye alikuwa na mtoto wa jicho, kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na kazi hiyo niliichukia. Mchanga wa asubuhi ulikuwa baridi kama maji ya mtungi, nami nimejitanda kanga mbili zilizochakaa, natajiwa ndege wa kutafuta.

Heroe, kitwitwi, yangeyange, wote aliwauliza kwa adabu. Lakini aliyemtaka hasa ni sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kwetu sululu walikuja kila mwaka, na maji yakipwa baba alikwenda kuwatazama pamoja na kaka yangu. Kaka hakusafiri nasi. Alitoka kwenda kumtafuta rafiki yake, hakurudi. Baadaye akaja mtu Hail akasema alimwona akipakiwa kwenye gari, na kwamba waliopakiwa mle hakurudi hata mmoja.

Mama alitaka kaka asomewe hitima kama wanavyosomewa wafu. Kila Ijumaa alisema hivyo, na kila Ijumaa baba alimjibu vile vile: "Mimi simsomei mwanangu hitima kwa khabari ya njiani." Tulikuwa tumepokewa na binamu yake baba, katika nyumba ya makuti ya mtende, na ndani yake mama analia upande huu, baba kanuna upande ule. Mimi nilikuwa katikati, nimewachoka wote wawili.

Pale khorini alikuwapo sululu mmoja kiguru, mguu wake wa kushoto umekatika. Baba alimganda huyo.

"Yupo?"

"Yupo, baba."

"Anakula?"

"Anakula kuliko sisi."

Hakucheka. Alisema ndege hawa hapa wanapumzika tu. Wakishapata nguvu watashuka mpaka Unguja, kule kule pwani kwetu. "Mwambie akamsalimie kaka yako."

"Nimwambie nani, baba?"

"Huyo ndege."

Nikamwambia, tena kwa sauti, maana baba alitaka asikie. Niliona haya hata mbele ya kaa. Ikawa ndiyo kawaida yetu kila asubuhi, na sikuthubutu kumwambia kwamba baridi inakaribia kwisha na sululu wale hawajenda popote.

Binamu yake baba alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliotumaliza. Kwa watu wa pale mgeni haulizwi anachotamani. Huangaliwa macho yake yanakwenda wapi. Akatuona siku zote tunawakodolea ndege macho, akaamini kwamba wageni wake wana hamu ya nyama na wanaona haya kusema.

Asubuhi moja mvua ilituzuia ndani. Mchana akaweka sinia ya wali mbele ya baba, na juu yake ndege wa kuchoma. Mimi nilikuwa nimesimama kando na birika la kunawia. Akakimega kidari kwa mkono wake, akakisogeza upande wa baba.

"Kula, ndugu yangu," akasema kwa Kiarabu, furaha imemjaa. "Nimemnasa kwa wavu leo asubuhi. Wala hakunisumbua, alikuwa na mguu mmoja."

Nilitaka kulitupa lile birika. Baba aliinamisha uso. Kisha akasema bismillahi, akala. Alikila kidari chote, polepole, akamshukuru mwenyeji wake na kumwombea kheri. Nilipommiminia maji, alinawa mpaka maji ya birika yakaisha.

Mwenyeji alipotoka, baba alimwita mama, aliyekuwa nyuma ya pazia.

"Bibi," akasema, "Ijumaa hii watu waje wasome hitima."

Mama alisimama pale pale na ncha ya pazia mkononi. Alikuwa ameyaomba maneno hayo tangu tufike, ameyalilia, ameyagombea. Sasa akamtazama baba kama mtu aliyetukanwa.

"Tungoje," akasema. "Ile ni khabari ya njiani tu. Tungoje Ijumaa nyengine."