Salamu Iliyokatwa Kando ya Kijito

Kosa langu katika matembezi yale lilikuwa kumkatiza bibi yangu salamu. Harufu ya mikaratusi iliyolowa mvua hunirudisha pale: njia tambarare kando ya kijito cha St Marys, mtaa wetu huku ughaibuni, rahisi hata kwa magoti yake, bata wakielea kwenye maji ya rangi ya chai. Ulikuwa wakati wa korona, na tuliruhusiwa saa moja tu ya mazoezi nje. Mimi, mtoto wa kuogopa kukosea, nilihesabu kila dakika.

Ng'ambo ya kijito akatokea mama mmoja wa Kikongo, amejifunga kitenge. Bibi alikuwa hajaongea na mtu wa nje kwa wiki nyingi. Akashusha barakoa.

"Hujambo, mwanangu! Habari za nyumbani?"

"Muzuri, mama! Na ya kwenu?"

"Salama! Na wazazi, hawajambo?"

"Bibi, let's go!" Nikamvuta mkono.

"Umeajiriwa lini upolisi, wewe?" Akacheka, lakini akanifuata.

Yule mama alibaki amesimama, jibu likiwa mdomoni. Bibi aligeuka kumtazama mara tatu. Tulifika nyumbani dakika kumi na mbili kabla ya saa yetu kwisha, nami nikajisifu.

"Haya, bingwa," bibi akasema, akinivua viatu. "Tumewahi kurudi, tukae bure."

Siku hizi nachelewa mara kwa mara, kwa sababu nikimuuliza mtu habari za wazazi wake, nasubiri anijibu.