Salamu Niliyoitoa Hewani

Siku ya kwanza kumhudumia yule mzee, nilimletea utani. Mimi huleta utani kila mahali. Shule niliacha kidato cha pili, kwa hivyo mdomo ndio cheti changu. Pale kwa nyumba ya wazee Oakdale, huku ughaibuni ninakofanya kazi, nilikuwa nimeambiwa ametoka Uingereza, basi nikampa vidonge vyake nikamwambia, "Mzee, nyinyi Waingereza mlitutawala. Leo ni zamu yangu. Meza."

Hakucheka. "Mimi si Mwingereza. Mimi ni mtu wa Wales."

"Si ni kitu kimoja?"

"Na wewe ni Mnigeria?"

"Mkenya."

"Si ni kitu kimoja?"

Akameza. Nilimpenda hapo hapo.

Akataka kujua mimi ni Mkenya wa wapi. Nikamwambia sisi ni Wasuba, watu wa ziwani, lakini kila mtu anatuita Wajaluo kwa sababu lugha yao ilimeza yetu. Mzee akakaa wima. Kwao pia, akasema, Kiingereza kiliingia mpaka jikoni. Akanisalimia kwa Kiwelshi, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Sasa nisalimie kwa yako."

Hapo ndipo ningesema ukweli, kwamba siijui. Marehemu nyanya yangu, mama ya baba, alikuwa anaongea Kisuba, mimi namcheka, namwitikia kwa Kijaluo. Lakini mzee alikuwa ananiangalia kama mtu wa maana, na sijazoea. Nikasema, "Mirumba kalesi tondobo." Nikamwambia ndiyo habari ya asubuhi. Maneno niliyatoa hewani.

Akaniomba nirudie, akaandika nyuma ya karatasi ya menyu. Tangu siku hiyo ananisalimia hivyo. Niliwasimulia majamaa wa nyumbani wanaokaa Brooklyn Park tukila nyama, mmoja akacheka mpaka akapaliwa.

Halafu binti yake akaja kutoka Lakeville. Huyo hajui hata neno moja la Kiwelshi. Mzee alikuwa ameniambia kosa ni lake mwenyewe, hakumfundisha. Sasa akanishika mkono mbele yake. "Lugha ya huyu inakufa," akamwambia. "Wamebaki wachache wanaoijua. Nimeongezeka mimi."

Binti akanishukuru, machozi yakimlenga. Mimi nikajifanya natafuta taulo.

Nilipotoka shifti nikakaa kwa gari, nikampigia mama. Nikamwuliza nyanya alikuwa anasalimia vipi asubuhi.

"Alikuwa anakusalimia wewe kila siku," akasema. "Wewe ndiye ungejua, mwanangu."

Asubuhi iliyofuata niliingia nimejipanga kukiri. Mzee akanisalimia vile tu, akingoja jibu. Nikafungua mdomo, ukatoka uoga. "Mirumba kalesi tombodo."

Akatikisa kichwa, akachomoa ile karatasi chini ya mto. "Tondobo, kijana. Usiipoteze."

"Tondobo," nikasema.