Viputo vya Mto Tana na Kikoi Changu

Najua mtacheka, na mcheke tu, maana hata mimi siku hizi nacheka, lakini siku ile niliomba Mto Tana unimeze pamoja na pampu yangu ya baiskeli.

Ilikuwa miaka ile ya shifta, waasi waliokuwa wakipigana na serikali, nikiwa mwalimu mgeni kutoka bara, hapo Garissa, na Haji Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa anataka kumtoa binti yake Habiba shuleni (mwanafunzi wangu bora, msichana wa kuuliza hadi ukome). "Mwalimu," aliniambia, "huyu natoka asubuhi, narudi jioni, mimi habana ona kitu nasoma."

Nikamwalika mtoni aone somo kwa macho yake. Ningeishia hapo ningekuwa salama, lakini ili nimpendeze nikaamua kuvaa kikoi kama wazee wa pale, na jirani yangu Farah aliponiambia, "Funga na mshibi, mwalimu," nikamjibu kwamba mshipi ni wa wageni. (Mgeni gani mwingine, kama si mimi!)

Basi nikaingia maji ya magoti, darasa zima ukingoni, Haji mbele na bakora yake, nikaanza kupiga pampu iliyounganishwa na mpira mrefu. Mdomo wa mpira ulipokuwa kwenye maji yaliyotulia, viputo viliibuka vinene kama mayai. Nikausukuma kwa fimbo hadi kwenye mkondo mkali, nikapiga pampu vilevile, vikaibuka vidogo vidogo, msururu mrefu ukielekea darajani. Haji akasogea. "Nani nafunja hiyo?" akauliza, akivionyesha viputo kwa bakora, nami nikafurahi mno, nikasahau kwamba daraja lile lina askari wanaolilinda dhidi ya shifta, na kwamba fundo la kikoi limeshalegea, nimekibana kwa kiwiko tu.

"Kuna mtu anapumua chini ya maji!" askari mmoja akapaza sauti, na bunduki zikanielekea. "Wewe wa pampu! Mikono juu!"

Nikainua. Kikoi kikateremka, mto ukakichukua kufuata viputo vyake (askari mmoja akakifuata kwa mtutu wa bunduki hadi kikapita chini ya daraja), nikabaki na kaptura ya ndani yenye kiraka. Wasichana wakaziba macho. Koplo wao akashuka kunihoji, nami nikaziba kiraka kwa pampu.

Aliyejibu ni Habiba, viganja bado usoni. "Afande, hakuna mtu. Ni hewa. Maji yakitulia, kiputo nakaa kizima. Kwenye mkondo, maji haya yanakivuta huku, yale yanakivuta kule, kinarefuka, kinakuwa na kiuno, kinakatika. Halafu vipande vinakatika tena."

Koplo akayatazama maji, akautazama mpira, akashusha bunduki. "Nani kakufundisha?"

"Mwalimu huyu."

Haji akavua shali lake, akanirushia bila kunitazama, Mungu ambariki. "Wallahi, mtoto naongea na bunduki namna hiyo," akasema polepole, na sijawahi kusikia baba anayejivunia kiasi kile. "Kesho Habiba nakuja shule. Na wewe, mwalimu, kuja na suruali."

Habiba alisoma hadi akamaliza, kwa hiyo kikoi kile sikililii hata kidogo. Lakini kuvaa kingine bila mshipi? Hata chumbani, peke yangu, mlango umefungwa, sithubutu.