Mkalimani Anasahihisha

Shangazi yangu hajui kutulia. Hata mezani mguu wake hutikisika mpaka vijiko vinalia, na mumewe alishachoka kusema. Yeye ni mkalimani wa Kiingereza na Kihispania, na wiki ile alikuwa ameitwa kwenye kikao cha kukadiria thamani ya hisa. Basi akajaza nyumba kadi za istilahi: kwenye friji, kwenye kioo cha bafuni, moja hata ndani ya kiatu cha mumewe. Mimi nikapewa kazi ya kumuuliza. Kiingereza upande huu, Kihispania upande ule, na ole wangu nigeuze kadi mapema.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Meneja wa ofisi inayompa kazi alishamwonya kwamba akikosea tena, jina lake linatoka kwenye orodha.

Kikaoni, kama alivyonisimulia, aliketi ndani ya kibanda cha kioo, visikilizio masikioni. Mbele yake mama mjane asiyejua neno la Kiingereza alikuwa akiwauzia wakurugenzi wa kampuni hisa alizoachiwa na marehemu mumewe. Mhasibu alisoma takwimu mbiombio, na Shangazi akamfuata hivyohivyo. Mjane akaona bei anayopewa imeipita ya sokoni. Akaitikia kwa kichwa, akashika kalamu.

Ndipo Shangazi alipotupia jicho karatasi yake ya takwimu, akaona alivyokosea. Kiasi alichokitaja kuwa bei ya sokoni kilikuwa thamani iliyoandikwa kwenye vitabu vya kampuni. Sokoni, hisa moja ilikaribia mara mbili ya hapo. Wakurugenzi walikaa kimya. Naye angekaa kimya, kazi angebaki nayo.

Mkalimani hushinda akisema “mimi” kwa niaba ya wengine. Akiwa na lake mwenyewe, hujitaja kama mtu wa pembeni. Shangazi akasogea kwenye maikrofoni.

“Mkalimani anaomba kusahihisha,” alisema, kwa Kihispania kisha kwa Kiingereza. “Kosa ni la mkalimani. Mama, tafadhali usitie saini bado.”

Kalamu ikawekwa chini. Kabla ya saa sita mchana meneja alikuwa ameshalifuta jina lake.

Asubuhi yake nilimkuta mezani, vijiko vinalia, kadi zimetapakaa. Iliniuma sana, nikamwambia azitie moto zote. Akanisukumia rundo zima.

“Shika, mwanangu. Kikao kinarudiwa kesho, na yule mama kasema hatii saini mpaka aletewe mkalimani aliyekosea.”