Salfeti Tulizowaficha Wageni

Watu wakiniuliza miji inafundishanaje kuinuka baada ya corona, huwa naomba kwanza maji ya kunywa. Si kwamba sina jibu. Jibu ninalo, limenijaa mpaka kooni, ila nikianza kulitoa kavukavu presha inapanda. Mie nimesomaga masomo ya jioni mpaka nikamaliza kidato cha nne na mvi zangu kichwani, darasani mkubwa kuliko mwalimu, na katika vitabu vyote vile hakuna ukurasa ulionifundisha kwamba mtu anaweza kualikwa kuja kutazama kitu, halafu mwenyeji akakificha kwa heshima. Hilo nililisomea mtaani kwetu, Temeke, nyuma ya soko.

Ugonjwa ulipokuja nilikuwa fundi cherehani, na bado ni fundi cherehani. Nilishona barakoa nyingi mno, zingeunganishwa zingefika Mbezi Beach, na vipande vilivyobaki vingetosha kuwavisha mbuzi wote wa njiani. Mama yangu mdogo, anayemfuata marehemu mama, alikuwa na meza yake ya mboga sokoni. Wateja wakapotea. Gari la taka nalo likaadimika kama mwezi wa Idi siku ya mawingu. Maganda ya ndizi, majani ya kabichi na nyanya zilizooza vikalundikana nyuma ya soko mpaka ukawa mlima, na mie sidanganyi, ungepanda kileleni ungeiona Zanzibar.

Watu wote walilalamika. Mama mdogo hakulalamika, na hilo lilinitisha, kwa sababu huyo ni mwanamke anayeweza kugombana na mvua. Alikusanya salfeti, ile mifuko ya nyuzi za plastiki inayokujaga na unga. Shemeji yake aliyekuwa kuli kiwandani huko Wazo akamletea na mingine ya saruji, iliyochanika mdomo. Akatia udongo, akatia maganda, akatia samadi ya kuku, akarudia udongo. Katikati akasimamisha nguzo ya kokoto ili maji yafike chini. Ubavuni akatoboa matundu, kila tundu akachomeka mche wa mchicha au tembele. Baada ya muda salfeti zikaota majani pande zote kama mzee aliyesusa kinyozi.

Jirani yake wa meza akaiga. Jirani wa jirani akaiga, kwanza akicheka. Ule mlima ukaanza kushuka, ukageuka kichuguu, ukaisha, na pale ulipokuwa pakabaki uwanja umejaa salfeti za kijani. Wanawake ambao mitaji yao ilikuwa imekufa wakawa wanachuma, wanapika, na kinachozidi wanauza. Hakuna aliyewafundisha. Hakukuwa na semina, wala fulana zenye maandishi mgongoni.

Ugonjwa ulipotulia, ndipo wakubwa wakaanza kukumbuka kwamba miji inatakiwa ipeane mawazo. Mji huu umwambie ule ulivyofanya, ule nao uje ujifunze, watu wasirudie makosa ya wenzao. Wazo zuri kabisa, mie siligombi. Mtu mmoja alipiga picha salfeti zetu, picha ikaruka simu kwa simu hadi nje ya nchi, na tukaletewa habari kwamba wageni kutoka miji mingine wanakuja kuziona. Wanaongozwa na mama mmoja kutoka nchi jirani, bwana shamba wa jiji lao, kama tunavyosema hata kama ni bibi.

Wakati huohuo kulikuwa na fununu kwamba ule uwanja utafanywa maegesho ya bajaji. Ofisa wa manispaa aliyeleta habari za wageni alituambia bila kumung'unya: wageni wakizipenda salfeti, uwanja utabaki kuwa bustani, na yeye mwenyewe atalipeleka hilo juu. Wasipoona kitu cha maana, bajaji zinaingia. Mama mdogo alilisikia hilo amesimama, mkono kiunoni. Tangu siku hiyo akawa anazimwagilia salfeti zake asubuhi na jioni na kuzisemesha, anazitishia zisije zikamtia aibu.

Ikaundwa kamati ya mapokezi. Mie nikapewa ukatibu kwa sababu ya Kiingereza changu cha masomo ya jioni, ambacho nilikitoa kabatini nikakipiga pasi. Nilikaririshwa na mwanangu neno la udongo, neno la mbolea, neno la karibuni sana. Nikawa naota kwa Kiingereza, na katika ndoto hizo hakuna aliyenielewa.

Mwenyekiti wa mtaa wetu ni mzee wa pwani hasa, ukoo wao ulikuwepo hapa kabla ya lami kuzaliwa. Mtu mkarimu kupita kiasi. Ukimtembelea kwake bila taarifa anakuomba radhi kwa kukosa biriani. Na ukarimu wake ndio ulitumaliza.

Siku moja kabla ya wageni, mama mdogo alikwenda msibani Msasani kwa ndugu zetu. Aliniambia niziangalie salfeti. Mchana kamati ikakaa, na mwenyekiti akatoa hotuba kuhusu heshima. Alisema amepita nyuma ya soko na roho imemuuma. Mifuko iliyochanika, maganda yanachungulia, nzi. Watu wametoka mbali, wamepanda ndege, tuwapokee kwa takataka? Akaagiza uwanja usafishwe leo hii.

Nilinyanyua mkono. "Mzee, wageni wanakuja kuziona hizohizo salfeti."

"Si wameshaziona kwenye picha?" akanijibu kwa upole. "Ndizo zilizowaleta. Sasa waje waone na ustaarabu wetu."

Nikamwambia picha si kitu chenyewe. Akanitazama kama mtoto aliyekosa malezi. "Mwanangu, wewe mgeni kwako unampitisha jikoni?"

Kamati nzima ikamwitikia kwa vichwa. Pwani hii ukishasema mgeni na jiko, umeshinda kesi. Nilimpigia mama mdogo, simu yake ikawa imeishiwa chaji. Nikapiga tena na tena mpaka yule dada wa mtandao anayesema haipatikani nikaanza kumchukia kama mtu ninayemjua.

Mikokoteni ikaja. Salfeti zikatawanywa kwenye nyua za watu, na kwa kuwa nyumba yangu ndiyo ya karibu zaidi, nyingi zikaja kwangu. Ziliwekwa uani, barazani, mlangoni, chooni ikabaki njia ya mtu mwembamba. Mke wangu akauliza kama tumehamia shambani au shamba limehamia kwetu. Jioni ile niliingia ndani kwangu kwa kukaa upande, kama mtu anayepita katikati ya mabondia.

Asubuhi uwanja ulikuwa unameremeta. Walikuwa wameufagia hadi udongo ukakaribia kuona haya. Turubai limesimama, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe na utepe wa zambarau, zulia limekodiwa, chetezo kinafuka udi kila kona. Mama mdogo akatokea moja kwa moja kutoka Msasani, bado na kanga zake za msibani. Akalitazama turubai. Akatazama viti. Akanisogelea.

"Nani kafa hapa?"

Nikamwelekeza kwa kidevu upande wa nyumbani kwangu. Akaelewa. Na kwa mara ya pili katika maisha yangu nikamwona mama mdogo hagombani, akakaa kwenye kiti cha mwisho, akajifunika kanga mpaka mdomoni.

Magari ya wageni yakaja msururu. Kwa kuwa uwanja ulikuwa mweupe pee, yakaegeshwa palepale, yamepangwa vizuri, na nafasi ikabaki. Likumbuke hilo, maana linarudi. Yule mama kiongozi akashuka, mnene, mcheshi, viatu vya heshima. Nikavuta pumzi nikatanguliza Kiingereza. Akanishika mkono akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, kimenyooka kuliko changu. Mwezi mzima wa kukariri ukaniangukia miguuni.

Mwenyekiti akakaribisha, akashukuru, akakaribisha tena. Yule mama akasubiri kwa adabu, akageuza shingo kulia, akageuza kushoto. Mwishowe akauliza bustani ya magunia iko wapi.

"Tumeshayaondoa yote, mama," mwenyekiti akasema, uso umemjaa furaha. "Usiwe na wasiwasi. Hutaona uchafu hapa."

Yule mama alitazama chini, akatazama udi, kisha akaanza kucheka kidogokidogo, kicheko cha mtu aliyechoka safari. Akatuambia kwamba mji aliopitia kabla ya kwetu alikwenda kuona mama ntilie walivyopanga majiko yao kwa nafasi wakati wa ugonjwa, akakuta wamepewa likizo siku hiyo na pamewekwa vyungu vya maua. Na kwao pia, akasema, wageni walipokuja kuona mafundi wa baiskeli walioanzisha usafiri wao wakati mji umefungwa, baiskeli zilifungiwa stoo ili barabara ipendeze. "Nilikuwa kwenye kamati," akaongeza. "Kwa hiyo sina mdomo."

Nikawaza, kumbe miji inafundishana kweli. Tatizo ni somo.

Mama mdogo akanyanyuka kutoka kiti cha nyuma. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Akamwamkia mgeni, akamshika mkono, akamwambia, "Twende kwa mwanangu, dada. Huko ndiko walikozizika salfeti."

Wakaenda wawili, mie nikifuata nyuma. Wageni wengine na wakubwa wakabaki kwenye turubai na sambusa. Kwangu, yule mama alijipenyeza kati ya salfeti, akakaa juu ya ndoo niliyoigeuza, viatu vyake vya heshima topeni, na mama mdogo akamwonesha kila kitu, kokoto zinavyopangwa, kwa nini tundu la chini huachwa wazi, huku akigombana naye kana kwamba wamekua pamoja. Mgeni alitoboa salfeti mpya kwa mkono wake. Mke wangu akatoa chai. Ilikuwa ziara nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na iliyofaa kuandikwa, ila walioandika taarifa walikuwa kwenye turubai. Taarifa ikasifu usafi wa mazingira na nafasi ya kutosha ya maegesho.

Kesho yake turubai likaondoka. Salfeti zilipotaka kurudi, bajaji zilikuwa zimeshaingia. Madereva waliona magari ya wakubwa yamepaki pale, nani awalaumu? Ofisa alisema hakuona bustani yoyote, na alikuwa anasema kweli. Mama mdogo akamwendea mwenyekiti, akampa shikamoo yake kamili, akamwomba uwanja. Mzee akashangaa kwa dhati ya moyo. Akasema, binti yangu, mimi nimekustiri. Tangu hapo mama mdogo humpa shikamoo tu, na shikamoo yenyewe ya baridi ingeweza kugandisha samaki.

Kwa hiyo bustani ya soko ikawa nyumbani kwangu. Wanawake wanakuja kuchuma kabla sijapiga mswaki. Ninashona suruali huku tembele linanipapasa shingo. Walio mbali na kwangu wameacha, salfeti zao zimekauka. Nyuma ya soko maganda yameanza tena kulundikana, sasa kati ya bajaji, na kila mtu analalamika kama zamani.

Juzijuzi yule mama wa nchi jirani akanitumia picha kwenye simu. Ukuta mrefu wa soko lao, na chini yake salfeti zimepangwa kama askari, nguzo za kokoto, matundu, mchicha. Amesema wanaziita za Temeke. Nilimwonesha mama mdogo, akaitazama picha muda mrefu, akasema ya tatu kutoka kushoto imezidishiwa maji.

Haikupita wiki mwenyekiti akaja kwangu amevaa kanzu mpya. Ana habari njema. Tumealikwa kwenda nchi jirani kujifunza jinsi jiji lao lilivyoinuka kwa kutumia magunia. "Wenzetu wameendelea sana," akaniambia, akiwa ameegemea salfeti. Alitaka katibu nipendekeze majina ya watakaosafiri.

Mama mdogo alikuwa barazani anachuma. Akasema bila kuinua kichwa kwamba yeye anakwenda, na yule ofisa aliyesema hakuona bustani naye aende, akae kiti cha mbele. Mwenyekiti akauliza kwa nini ofisa. Akajibiwa kwamba jambo la kwetu huonekana likishapanda ndege, kwa hiyo akalistaajabie hukohuko, na akirudi ampe uwanja wake. Mzee akafikiri, akakubali, tena kwa furaha. Kwake safari ni safari.

Kisha mama mdogo akanigeukia mie. "Mpigie yule dada. Mwambie tunakuja, ila wasifagie."

Nikapiga palepale. Simu ikapokelewa. Nikatoa ujumbe neno kwa neno, na upande wa pili nikasikia kile kicheko chake cha mchoko wa safari. Akasema anajitahidi, lakini turubai limeshakodiwa.