Siku Niliyokubali Kutembea Kama Watu

Nikisema sikuona haya siku ile nitakuwa nawadanganya, maana niliona haya mpaka masikio yakapata moto, na mpaka leo wapo watu wa mtaani kwetu Ngamiani wakiniona sokoni huulizana chinichini kama siye yule wa kaimati. Ndiye mimi. Afadhali niwasimulie mwenyewe, wengine huongeza chumvi.

Mwendo wangu mnaujua. Mguu wa kushoto ulipooza kwa polio nikiwa mdogo, ukabaki mwembamba na mfupi kuliko mwenzake, na goti lake halisimami peke yake, kwa hiyo nikikanyaga nalisukuma paja kwa mkono ili goti lisikunjike, halafu naurusha mguu wa kulia, halafu mkono tena pajani, hivyo hivyo mpaka nifike. Hakuna aliyenifundisha, nilibuni mwenyewe utotoni nilipochoka kubebwa mgongoni. Mzigo huuweka kichwani ili mkono ubaki na kazi yake. Na viatu vyangu vilikuwa katambuga za tairi (miaka ile ya foleni za madukani nani alikuwa na vya maana?), fundi akaniongezea soli ya pili upande wa kushoto, nikakaa sawa. Sipendezi kutazamwa, lakini nafika.

Basi mdogo wangu Zuhura akachumbiwa na kijana wa Kipemba, watu wenye duka na jina lao, na siku ya harusi kina mama wa upande wa bwana harusi wakavuka bahari kuja kwetu. Mama yetu alikuwa ameshafariki, harusi aliishika shangazi, dada yake baba. Sukari ilikuwa haionekani, ile ya mgao kwa balozi wetu wa nyumba kumi ilikuwa haitoshi hata uji, lakini shangazi alikusanya kidogo kidogo, nyingine ikapita mpakani Horohoro kwa njia ambazo sikuuliza, mpaka zikapikwa kaimati za kukaangwa na kurowekwa kwenye shira ya sukari, za kuwatosha wageni wote.

Asubuhi akaniita chumbani, akafunga mlango.

"Mwanaidi mwanangu, leo usishike paja mbele ya wageni," akasema. "Watu hawa hawatujui. Watasema kwetu kuna maradhi ya ukoo, na atakayeumia ni mdogo wako."

Akatoa viatu vyeupe vya plastiki vya kutoka Mombasa. "Na hizo tairi ziache. Vaa hivi, utembee kama watu."

Ningekataa pale pale, mkasa wenyewe usingekuwepo. Lakini nilimfikiria Zuhura, na (niwe mkweli) vile viatu vilikuwa vizuri, nikasema, "Sawa, shangazi."

Nikashindilia kipande cha kanga ndani ya kiatu cha kushoto ili mguu upate urefu, nikafanya mazoezi nikishikilia ukuta, nikajiona naweza. Nilisahau kwamba ukuta hauendi na mtu kwa wageni. Saa ya kuandaa ilipofika nikainama kujitwika sinia la kaimati, shangazi akanizuia, nisilitie kichwani kama mchuuzi, nilishike kwa mikono miwili mbele ya kifua. Haya, na mikono yote ikawa na kazi.

Ukumbini mle ndani ya nyumba nilipita nimeegemeza bega ukutani. Barazani nikatokeza, wageni wamejaa kwenye mikeka chini ya turubai, wote wakageuka, nikatabasamu kama ndimi bi harusi, nikashusha mguu kwenye ngazi, na kile kipande cha kanga kikateleza ndani ya kiatu. Goti likakunjika. Sinia likanitangulia, kaimati zikabingirika kila upande, kuku wakaziwahi zilizofika barabarani, kiatu kimoja kikaangukia kwa wapiga ngoma, na shira yote ikamwagikia mapajani mwa Bi Maryamu, bibi yake bwana harusi, aliyekuwa amevaa doti mpya ya kanga.

 Kisha nikasikia mama mmoja akisema, "Kumbe kiwete." Mwingine akajibu, "Mbona hatukuambiwa?"

Shangazi akawahi mlangoni. "Kateleza tu, jamani. Hana neno huyu. Sakafu ina maji."

Machozi yalikuwa yameshafika, ila nilipoisikia ile sakafu ina maji, yakakauka. Nikajiinua kwa kushika nguzo, nikavua kiatu kilichobaki, nikaweka mkono pajani.

"Sikuteleza," nikasema. "Mguu wangu ulipooza kwa polio. Si wa ukoo, na hata ungekuwa wa ukoo ningetembea hivi hivi. Bibi, shikamoo, na unisamehe doti yako. Ngojeni niwaletee kaimati nyingine."

Nikarudi uani kwa mwendo wangu, wakitazama, nikavaa katambuga, nikajitwika sinia la pili, nikatoka nalo mkono pajani na ngazi nikaishuka. Halikumwaga hata tone. Bi Maryamu alikuwa anajifuta, akaonja kidole.

"Marahaba," akasema. "Shira imekolea. Sukari mwaipata wapi nyie? Sisi chai twanywa hivi hivi."

Kicheko kikapita mkeka mzima. Akanisogezea nafasi. "Mguu wauma?"

"Hauumi, bibi. Unachoka tu."

"Basi kaa."

Nikakaa. Alasiri, wakati wa kumpeleka Zuhura kwa mumewe, nyumba ya jamaa zao walikofikia upande wa pili wa Ngamiani, shangazi akaniambia nibaki nilinde nyumba. Nikamwambia nyumba ina kufuli. Nikaenda kusimama mbele kabisa, ubavuni mwa bi harusi, na msafara ukaondoka. Shangazi akawa anasema nyuma kwamba tutachelewa. Zuhura hakugeuka.

"Dada yangu ndiye anayenipeleka," akasema ndani ya buibui lake. "Twende anavyokwenda."

Ikabidi ngoma ipunguzwe. Watu wakatoka milangoni kutazama, wakatazama wakachoka wao, na harusi nzima ikapita barabara za Ngamiani kwa mwendo wa goti langu mpaka tukafika, magharibi ikiadhiniwa.

Tangu hapo nimeapa kwamba mwendo wangu nitaubadili goti likitaka, lakini si kwa ajili ya macho ya mtu. Anayeona namchelewesha, njia ni pana, apite.